Sonona ya maveterani wa Marekani: tuhesabu kwanza walichopewa

Mwezi Juni 2025 gavana wa Texas, Greg Abbott, alitia saini sheria iliyotenga dola milioni 50 kugharimia utafiti wa ibogaini, kemikali inayopatikana kwenye mizizi ya iboga, mmea wa misitu ya Gabon na majirani zake. Waliopigania sheria hiyo, akiwamo gavana wa zamani Rick Perry, waliwatanguliza maveterani katika hoja zao: watu waliorudi kutoka Iraq na Afghanistan, wakapewa kidonge baada ya kidonge, na bado asubuhi hawaoni sababu ya kuamka. Mwezi huohuo kampuni ya Compass Pathways ilitangaza matokeo ya jaribio lake kubwa la silosibini, kiini cha uyoga wa kulevya, kwa watu wenye sonona isiyosikia dawa. Na miezi mitano kabla ya hapo FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilikuwa imeruhusu esketamini, dawa ya kupuliza puani ya jamii ya ketamini, itumike peke yake kwa wagonjwa hao, bila kulazimika kuambatana na kidonge. Ukizisoma habari hizi kwa pamoja unapata simulizi moja iliyonyooka: dawa za zamani zimeshindwa, dawa mpya zipo, na kinachowachelewesha askari kupona ni urasimu.

Naiona simulizi hii kuwa na kasoro kubwa, na kasoro hiyo inaweza kugharimu maisha ya watu. Ninachosema ni hiki: wengi wa maveterani wanaohesabiwa kuwa na sonona sugu hawajawahi kupata matibabu kamili hata mara moja, na ushahidi bora tulio nao, ambao umetoka ndani ya hospitali za maveterani zenyewe, unaonyesha kwamba upungufu mkubwa uko kwenye uangalizi wa karibu wa binadamu kwa binadamu. Dawa mpya, hata zikithibitika, zitauhitaji uangalizi huohuo kwa saa nyingi zaidi kuliko vidonge vilivyowahi kuuhitaji. Kwa hiyo mwanasiasa anayepigania dawa huku akinyamazia uhaba wa madaktari, wanasaikolojia na wauguzi anawaahidi maveterani kitu ambacho hakitawafikia.

Ukubwa wa tatizo haubishaniwi. Wizara ya Maveterani ya Marekani, ambayo watu wote wanaiita VA, ina zaidi ya watu milioni 9 walioandikishwa katika huduma zake za afya. Kwa takwimu za wizara hiyo, mwaka 2022 maveterani 6,407 walijiua, wastani wa watu 17 hadi 18 kila siku, na zaidi ya asilimia 70 kati yao walitumia bunduki. Wengi wa waliokufa hawakuwa wamepata huduma ya VA katika siku za karibuni kabla ya kifo chao. Si kila anayejiua ana sonona, wala si kila mwenye sonona hujiua, lakini sonona iliyodumu miaka bila nafuu ni miongoni mwa njia zinazofahamika zaidi kuelekea huko. Tena picha tuliyo nayo vichwani, ya kijana wa miaka 28 aliyetoka Kandahar juzi, inatupotosha. Katika majaribio makubwa mawili nitakayoyataja hapa, wastani wa umri wa washiriki ulikuwa kama miaka 55. Hawa ni watu waliobeba vita kwa miongo, wakabeba pamoja nayo maumivu ya mgongo na magoti, pombe, talaka, usingizi mbovu, na wengine madhara ya mlipuko uliowatikisa ubongo bila kuacha kovu usoni.

Sasa mtu anahesabiwaje kuwa sonona yake ni sugu? Kigezo kinachotumiwa na wengi, na ndicho FDA ilichokitumia kwa esketamini, ni kwamba amejaribu angalau dawa mbili za sonona kwa dozi ya kutosha na kwa muda wa kutosha, kwa kawaida wiki sita au zaidi, bila kupata nafuu ya maana. Ni kigezo cha busara kwenye karatasi. Tatizo linaanza pale kinapofika kwenye zahanati yenye foleni. Kigezo kinahesabu dawa. Hakiulizi kama mgonjwa amewahi kukaa na mtu aliyesomea tiba ya mazungumzo, kama maumivu yake yametibiwa, kama anakoroma na kukata pumzi usiku kucha, kama anakunywa chupa nzima kila jioni. Na hata hizo dawa mbili, mara nyingi zinahesabiwa kwa kuwa ziliandikwa, bila yeyote kujua kama zilimezwa.

Namfahamu Mkenya mmoja aliyejiunga na Jeshi la Marekani muda mfupi baada ya kupata karatasi zake, akatumikia Afghanistan, na sasa anafanya kazi kwenye ghala la mizigo. Kwenye meza ya jikoni kwake kuna kile kiboksi cha plastiki chenye vyumba saba, kila siku na chumba chake, na mkewe ndiye anayekijaza Jumapili jioni. Dawa ya kwanza ya sonona alipewa kwa dozi ya kuanzia, na dozi hiyo haikupandishwa. Aliiacha kimyakimya baada ya wiki tatu kwa sababu ilimwondolea hamu ya tendo la ndoa, jambo ambalo mwanamume wa malezi yake hamwambii daktari wa kike mwenye umri wa binti yake. Dawa ya pili ilimsinzisha kazini, na mtu anayeendesha mashine ya kunyanyulia mizigo hawezi kusinzia, kwa hiyo akawa anakata kidonge nusu. Daktari aliyemwanzishia alikuwa ameshahama. Aliyefuata akasoma kwenye kompyuta kwamba dawa mbili zimeshindwa, na tangu siku hiyo ana sonona sugu. Hakuna aliyemdanganya mwenzake, na kila aliyemhudumia alifanya kazi yake kwa dakika alizokuwa nazo. Lakini ukiniambia kwamba ugonjwa wa mtu huyu umeishinda sayansi, nitakukatalia.

Mfano wa mtu mmoja hauthibitishi chochote, kwa hiyo twende kwenye takwimu. Mwaka 2017 jarida la kitabibu la JAMA lilichapisha jaribio la VA lililojulikana kama VAST-D, la maveterani 1,522 katika vituo 35, wote wakiwa hawajapata nafuu ya kutosha kwa angalau dawa moja. Waligawanywa makundi matatu: wapo waliobadilishiwa dawa wakapewa bupropioni, ambayo nayo ni dawa ya sonona, wapo walioongezewa bupropioni juu ya dawa waliyokuwa nayo, na wapo walioongezewa aripiprazoli, dawa ya magonjwa ya akili inayotumika pia kuongezea nguvu dawa za sonona. Baada ya wiki 12, waliotoka kabisa kwenye sonona walikuwa asilimia 22.3, 26.9 na 28.9 kwa mfuatano huo. Takwimu hizo ndizo hunukuliwa na wanaosema dawa za zamani zimefika mwisho, na ni kweli ni ndogo. Lakini taarifa hiyohiyo ina takwimu ya pili isiyonukuliwa sana. Ukiangalia waliopungukiwa dalili kwa nusu au zaidi, walikuwa zaidi ya asilimia 60 katika makundi yote matatu, na karibu robo tatu katika kundi la aripiprazoli. Hizi ni dawa zilezile zinazopatikana kwenye duka la dawa la VA. Tofauti ni kwamba kwenye jaribio mgonjwa alipangiwa kurudi, dalili zake zilipimwa kwa dodoso kila aliporudi, na dozi ilirekebishwa kulingana na majibu yake. Jaribio halikuwa na kundi lisilotibiwa, kwa hiyo siwezi kudai kwamba ufuatiliaji peke yake ndio uliowainua. Ninachoweza kusema ni kwamba dawa zinazodharauliwa zilifanya kazi nzuri kuliko sifa zake pale zilipotumiwa kwa uangalifu.

Jaribio la pili ndilo lililonifanya niandike makala haya. Lilichapishwa mwaka 2018, likihusu mashine ya sumaku inayosisimua sehemu ya mbele ya ubongo. Mashine hiyo ilikuwa imeshaidhinishwa Marekani kwa sonona tangu 2008, na raia wengi wa kawaida walikuwa wamepata nafuu kwayo. VA ikataka kujua kama ingewafaa wanajeshi wake wa zamani, ambao ni wagonjwa wagumu zaidi. Maveterani 164 wenye sonona sugu waligawanywa kwa kura: nusu wakapata mashine halisi, nusu wakapata mashine bandia yenye umbo lilelile na sauti ileile. Walikwenda kituoni siku baada ya siku, hadi vipindi 30. Hawakutengwa kwa sababu ya kuwa na msongo wa baada ya vita au historia ya ulevi, kama majaribio mengi yanavyofanya ili yapate wagonjwa safi. Mwishoni, asilimia 40.7 ya waliopata mashine halisi walikuwa wametoka kwenye sonona. Katika kundi la mashine bandia walikuwa asilimia 37.4.

Tafadhali zitazame tena takwimu hizo mbili. Watu ambao dawa zilikuwa zimewashinda, wazee wa vita wenye maradhi juu ya maradhi, walikaa kwenye kiti ambacho hakikuwatibu kwa sumaku yoyote, na zaidi ya theluthi yao wakapona. Magazeti yaliyoandika habari hii yaliiandika kama kushindwa kwa mashine, na kitakwimu ndivyo ilivyokuwa, kwa kuwa tofauti ya makundi hayo mawili ilikuwa ndogo mno kuwa na maana. Watafiti wenyewe walikwenda mbali zaidi. Walisema matokeo yanaweza kuakisi umuhimu wa kumfuatilia mgonjwa kwa karibu, kusimamia vizuri dawa nyingine anazotumia, na kumkutanisha mara kwa mara na wahudumu wa kituo. Ukilisoma hilo kama raia wa kawaida linamaanisha kwamba kulikuwa na mtu anayemjua kwa jina, anayemngoja asubuhi, anayegundua kama hakulala, anayempigia simu akikosa kufika.

Kuna pingamizi halali hapa, na nisingependa kulipita haraka. Mtu anaweza kusema kundi la mashine bandia lilipona kwa sababu sonona hupanda na kushuka yenyewe, na watu huingia kwenye majaribio wakiwa katika hali mbaya zaidi, kwa hiyo baadhi yao wangepata nafuu hata wasingefanyiwa kitu. Ni kweli kwa sehemu. Lakini sonona iliyokwishakaidi dawa kadhaa si aina inayoondoka yenyewe kwa zaidi ya theluthi ya wagonjwa ndani ya wiki chache. Wengine husema nafuu ya namna hiyo ni ya kujidanganya tu. Hao siwaelewi. Mtu aliyeanza kula, kulala na kuwapigia simu watoto wake amepona, na hatuna sababu ya kumwambia kwamba kupona kwake hakuhesabiki kwa kuwa hakukutokana na kitu chenye hatimiliki. Na uangalizi haufanyi miujiza isiyoelezeka. Anayeonwa kila siku hawezi kukata kidonge nusu kwa miezi bila mtu kujua. Harufu ya pombe inanuswa. Mke anaulizwa. Hiyo ni tiba ya kawaida kabisa, ila imefanyika yote badala ya kufanyika robo.

Sasa niwape haki yao wanaotetea dawa mpya, kwa sababu hoja yao bora ni nzito. Wapo maveterani waliopata kila kitu, dozi kamili, tiba ya mazungumzo, ufuatiliaji, na bado ugonjwa ukakaa palepale. Utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2006, uliofuatilia wagonjwa wapatao 4,000, ulionyesha kwamba baada ya dawa mbili kushindwa, ya tatu na ya nne humtoa kwenye sonona mgonjwa mmoja tu kati ya kama saba. Kumwambia mtu wa kundi hilo ajaribu kidonge cha tano ni kumpotezea muda ambao huenda hana. Kwake ketamini ni neema. Sisi wa Afrika Mashariki ketamini tunaijua kama dawa ya usingizi wa upasuaji. Hospitali nyingi za wilaya zingeshindwa kufanya upasuaji bila hiyo. Kwa dozi ndogo, inaweza kuinua sonona ndani ya saa chache, jambo ambalo vidonge vya kawaida havijawahi kuliweza. Mwaka 2023 utafiti uliolinganisha ketamini ya mshipani na tiba ya umeme unaopitishwa kwenye ubongo, kwa watu wenye sonona sugu isiyo na dalili za kuchanganyikiwa, ulikuta asilimia 55.4 ya waliopata ketamini walipata nafuu, dhidi ya asilimia 41.2 ya waliopata umeme. Mwaka huohuo esketamini iliishinda kwetiapini, kidonge cha magonjwa ya akili, katika jaribio la watu 676: baada ya wiki nane, asilimia 27.1 walikuwa wametoka kwenye sonona, dhidi ya asilimia 17.6. Kwa hiyo wanaozipinga dawa hizi kwa hoja kwamba ni dawa za kulevya na zitawafanya askari kuwa mateja hawanishawishi. Mofini nayo ni ya kulevya, na hatuwanyimi wagonjwa wa saratani. Swali ni nani anaipata, chini ya uangalizi wa nani, na baada ya nini.

Hata hivyo ziangalie takwimu hizo za ushindi. Karibu robo tatu ya waliopata esketamini walikuwa bado kwenye sonona wiki ya nane. Silosibini ya Compass, iliyotolewa kwa dozi moja tu na kwa matumaini makubwa, ilizidi dawa bandia kwa pointi 3.6 kwenye kipimo cha pointi 60, wiki sita baadaye. Ni tofauti ya kweli na inastahili kufuatiliwa. Haifanani na kile maveterani wanachoelezwa kwenye majukwaa.

Hoja dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayopendwa zaidi na wanasiasa, ni ile ya ushuhuda: nimemwona kwa macho yangu, alikwenda Meksiko akiwa maiti inayotembea, akarudi mzima, mnataka ushahidi gani tena? Msingi wake wa kitaalamu ni utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford uliochapishwa Januari 2024, uliowafuatilia wanajeshi 30 wa zamani wa vikosi maalumu, wote wakiwa na historia ya kuumia ubongo, waliokwenda wenyewe kliniki moja nchini Meksiko kupewa ibogaini pamoja na magnesiamu ya kulinda moyo. Mwezi mmoja baadaye dalili za sonona zilikuwa zimeshuka kwa wastani wa asilimia 87. Ni matokeo ya kushangaza, na watafiti wanastahili pongezi kwa kuyapima. Lakini hapakuwa na kundi la kulinganisha. Wanaume hao walijitolea, walisafiri pamoja na wenzao wa kikosi, walitayarishwa kabla na kuhudumiwa baada, na walikwenda wakiamini. Sasa mrudie yule veterani wa mashine bandia. Zaidi ya theluthi ya wenzake wangeweza kusimama mbele ya wabunge wa Texas wakasema kweli tupu: dawa zilinishinda, nikakaa kwenye ile mashine, nimepona. Kila neno lingekuwa sahihi, na mashine ilikuwa bandia. Ushuhuda unatuambia kwamba mtu amepona; hauwezi kutuambia ni nini kilichomponya. Na kwa ibogaini swali hilo lina uzito wa pekee, kwa kuwa dawa hiyo huvuruga mapigo ya moyo na watu wamekufa kwayo. Tukikosea kuhusu kiti, tumepoteza fedha. Kwa ibogaini tungepoteza watu.

FDA ilipokataa tiba inayotumia MDMA, dawa ya kulevya inayojulikana mitaani kama ekstasi, kwa msongo wa baada ya vita, Agosti 2024, ililaumiwa kwamba imewageuzia maveterani kisogo. Kamati ya washauri ilikuwa imepiga kura 10 kwa 1 kwamba faida hazijathibitika kuzidi madhara, na sababu mojawapo ni hii ninayoieleza: karibu kila mshiriki alijua amepewa nini, kwa hiyo haikuwezekana kutenganisha kazi ya dawa na kazi ya matumaini na ya wahudumu. Nilihuzunika kama wengine, ila uamuzi ulikuwa sahihi.

Tufike sasa kwenye jambo ambalo naona halizungumzwi ipasavyo, yaani saa za kazi. Kidonge kinaweza kutumwa kwa posta. Esketamini haiwezi. Inatolewa kwenye kituo kilichosajiliwa, mara mbili kwa wiki mwezi wa kwanza, na kila mara mgonjwa lazima akae chini ya uangalizi kwa saa mbili angalau, kisha haruhusiwi kuendesha gari hadi kesho yake baada ya usingizi mzuri. Karibu robo ya maveterani wa Marekani wanaishi vijijini. Mtu wa namna hiyo, anayeishi peke yake mwendo wa saa mbili kutoka kituoni, anahitaji mtu wa kumpeleka na kumrudisha mara nane kwa mwezi. Silosibini na MDMA zinadai zaidi: siku moja ya dawa ni saa sita hadi nane na wahudumu waliofunzwa, na katika majaribio ya MDMA walikuwa wawili kwa mgonjwa mmoja, na kabla na baada yake kuna vipindi vya mazungumzo. Ibogaini inataka na kipimo cha moyo kisichotoka kifuani. Ukizidisha saa hizo kwa maelfu ya wagonjwa unapata jeshi la watoa huduma ambalo VA haina.

Tena mwelekeo ni wa kupungua. Julai 2025 wizara ilitangaza kwamba ingepunguza wafanyakazi wapatao 30,000 hadi mwisho wa Septemba kwa njia ya kustaafu na kuacha kazi. Wizara inasisitiza kwamba kazi za kuhudumia wagonjwa moja kwa moja zimelindwa, na ni haki kulitaja hilo. Lakini mwezi uliofuata ofisi ya mkaguzi mkuu wa VA yenyewe ilitoa ripoti yake ya mwaka ya upungufu mkubwa wa wafanyakazi: jumla ya upungufu ulioripotiwa na vituo ilipanda kwa asilimia 50 kuliko mwaka uliotangulia, na katika kada za kitabibu, iliyotajwa na vituo vingi zaidi ni saikolojia, zaidi ya nusu ya vituo vyote. Hapo ndipo simulizi la urasimu linapovunjika. Hata FDA ikiidhinisha kesho kila dawa inayoombwa, hakuna wa kukaa na mgonjwa akiimeza.

Wamarekani wenyewe waliwahi kulijua jambo hili. Mwaka 1979, baada ya maveterani wa Vietnam kulalamika kwa miaka kwamba hospitali hazikuwafaa, Bunge lao lilianzisha vituo vidogo vya mitaani vya ushauri, nje ya hospitali, vingi vikiendeshwa na maveterani wenzao. Leo viko takriban 300. Havitibu sonona sugu kwa maana ya kitabibu, ila ndani yake mtu hukuta mwenzake aliyekuwa kule, anayeweza kumwambia bila kumwonea haya kwamba amekata kidonge nusu.

Kwetu sisi jambo hili lina ndugu zetu ndani yake. Kuanzia mwaka 2009 Jeshi la Marekani lilikuwa na mpango wa kuwaandikisha wageni wenye lugha adimu, na Kiswahili kiliwahi kuwa kwenye orodha; mpango ulisimamishwa mwaka 2016. Wengine waliingia kwa njia ya kawaida, wakiwa na kadi ya ukaazi. Wapo Texas, Minnesota, Georgia, Washington. Wengi wao wanatuma fedha nyumbani kila mwezi, na mtu anayejenga nyumba ya mama yake hapewi nafasi ya kusema amechoka kuishi. Familia ikisikia habari ya sonona humpigia mchungaji au shehe, na si vibaya, lakini mara nyingi inaishia hapo. Ninaowajua mimi, kilichowazuia kutibiwa vizuri kilikuwa aibu na miadi iliyokatika. Uhaba wa dawa haumo.

Hizo dola milioni 50 za Texas zinaweza kufanya kazi ya maana endapo masharti yatawekwa mapema. Kundi la kulinganisha lipewe saa zilezile za uangalizi, maandalizi yaleyale, wahudumu walewale, na washiriki wafuatiliwe mwaka mzima badala ya mwezi. Hapo tutajua iboga inaongeza nini juu ya kile ambacho binadamu anayejali anaweza kukifanya. Na kwa upande wa VA, kabla veterani hajapelekwa kwenye dawa mpya, mtu mmoja apewe saa moja nzima ya kukaa naye na familia yake, apitie kila dawa iliyoandikwa: ilimezwa kwa dozi gani, kwa wiki ngapi, iliachwa kwa nini. Veterani alale usiku mmoja akipimwa pumzi. Apewe tiba ya mazungumzo na mtu yuleyule kwa miezi kadhaa, asihamishwe kila robo mwaka. Watakaobaki wagonjwa baada ya hapo, wapewe esketamini au tiba ya umeme bila kucheleweshwa hata siku moja, na VA iwalipie dereva.

Kwa anayesoma haya akiwa na ndugu, mume au dada aliyevaa sare ya Marekani na sasa anazungumza kana kwamba anaaga: simu ni 988, kisha bonyeza 1, saa zote, bila malipo. Tangu Januari 17, 2023, veterani aliye katika hatari ya kujiua anaweza kwenda hospitali yoyote, ya VA au isiyo ya VA, na huduma hiyo ya dharura inalipiwa, pamoja na hadi siku 30 za kulazwa na siku 90 za kutibiwa akitokea nyumbani. Si lazima awe ameandikishwa VA. Nyumbani kukiwa na bunduki, iondoeni leo, iwe kwa mtu mwingine hadi atakapopata nafuu, na mmoja wenu aende naye hospitali akiwa na kile kiboksi cha dawa mkononi.